Nilivyoenda Kumwakia Madam wa Hisabati, Jina Kapuni

Wapendwa, leo sina msanii wa kumwanika wala ndoa ya mtu ya kuichambua. Nina Madam mmoja wa Hisabati. Jina kapuni, shule kapuni. Jueni tu ni sekondari ya serikali ambayo ukitoka sokoni Kariakoo kwa miguu unafika kabla maji yako ya chupa hayajaisha baridi.

Wiki kadhaa zilizopita nilifunga fremu yangu saa nane mchana, saa ambayo wateja wa mikoani wanamalizia manunuzi wawahi mabasi, nikaenda kumwakia. Nilikuwa nimejipanga kabisa. Njia nzima naongea peke yangu, watu wa mkokoteni wananipigia kelele nipishe, mimi wala.

Ngoja niwape mkanda mzima.

Mimi na Madam tuna historia. Alinifundisha kidato cha kwanza mpaka cha nne. Darasani tulikuwa tisini na kitu, dawati la wawili tunakaa watatu. Kumbuka tumetoka shule ya msingi tunasoma Hisabati kwa Kiswahili: hasi, chanya, sehemu, kigawe. Tukafika sekondari kila kitu Kiingereza, yaani hata kile ulichokuwa unakijua unakiona mgeni.

Siku moja akaandika ubaoni: 3 − (−5) = 8. Nikanyoosha mkono, nikauliza, "Madam, mbona tunatoa halafu inaongezeka?" Akageuka, chaki mkononi, akaniambia, "Mainasi na mainasi ni plasi. Kariri. Mtihani haukuulizi kwa nini."

Darasa likacheka. Hakunipiga, hakunitukana. Ila mkono ule nilioushusha siku ile sikuunyoosha tena kwenye somo lake, miaka yote minne.

Mwaka 2018 nikamaliza na F ya Hisabati. Nchi nzima mwaka ule aliyefaulu somo hilo ni karibu mmoja kati ya watano, kwa hiyo sikuwa peke yangu. Wanasema kifo cha wengi ni harusi, mimi sikuona harusi yoyote. Nilikuwa nataka uhasibu. Masomo mengine yalikuwa si mabaya, ila kila nikifikiria darasa lenye namba naliona lile darasa linacheka. Nikajiambia mimi kilaza, biashara hiyo imeisha. Shangazi akanichukua dukani kwake Mtaa wa Kongo, nikakaa pale mpaka nikapata kifremu changu cha kushea na shoga yangu. Nauza mikoba ya kike, jumla na rejareja.

Sasa mdogo wangu, dogo wa miaka kumi na minne, yuko kidato cha kwanza shule ileile, kwa Madam yuleyule. Jumamosi moja akaja dukani na daftari. "Dada, Madam amesema tutafute mfanyabiashara yeyote, tuandike anachomiliki na anachodaiwa, halafu tukokotoe kwa namba chanya na hasi."

Nikacheka. Madam huyu? Nikampa daftari la mauzo nikaendelea na mteja.

Baada ya nusu saa dogo akaita kwa sauti, mbele ya mteja, "Dada, wewe una hasi laki moja na sitini elfu!"

Jamani. Nikamuuliza umetoa wapi huo upuuzi, akanipigia hesabu. Mzigo uliobaki dukani, kwa bei ya kununulia, 410,000. Pesa mkononi na kwenye simu 230,000. Jumla 640,000. Halafu bosi wa jumla ananidai mali kauli 800,000. Ile 230,000 mimi nilikuwa naiita faida! Nilikuwa naila. Nimetoka kununua simu kwa hiyo "faida", na wiki ile nilikuwa nimepanga kuchukua mzigo mwingine wa mali kauli.

Mnajua binadamu tulivyo. Badala ya kumkasirikia aliyekula mtaji, yaani mimi, nikamkasirikia aliyemtuma mtoto. Kariakoo hatuanikani mahesabu. Jirani yako anaweza kuwa na deni la milioni kumi na anakusalimia kwa tabasamu. Leo mwalimu anatuma watoto waje kutuhesabia? Jumatano ndiyo nikafunga fremu.

Getini mlinzi akaniambia walimu wa Hisabati wako kwenye kikao chao, nisubiri. Nikakaa kwenye benchi la nje, chini ya dirisha lisilo na kioo. Sikuenda kusikiliza, ila masikio hayana mlango.

Nikasikia sauti yake. Ileile.

"Mimi niseme ukweli," akasema. "Kutoa namba hasi nimekufundisha miaka yote hii. Jibu nalijua. Ila mtoto akiniuliza kwa nini, sijawahi kuwa na maelezo. Nawaambia wakariri."

Kimya. Ukimya wa aina ile unaousikia dukani mteja akigundua pesa aliyopewa ni feki. Ndani walikuwa wanne tu, na mmoja wao alikuwa kijana wa kujitolea, umri anaweza kuwa mwanawe. Madam mwenye miaka karibu ishirini kazini anamwambia mtoto wa juzi kwamba hapa sijui. Mimi pale benchini nimeshasahau nusu ya matusi yangu.

Yule kijana akajibu kwa adabu. "Madam, tujaribu deni. Mtu ana elfu nane mfukoni, anadaiwa elfu tano. Kwa kweli ana shilingi ngapi?"

"Elfu tatu."

"Sasa anayemdai anamwambia, nimekusamehe. Ameondoa lile deni. Kuondoa deni ndiyo kutoa hasi tano. Sasa ana ngapi?"

"Nane," akasema Madam. Halafu akarudia polepole, "Hakuna aliyempa hata senti, ila ana nane."

Wapendwa, nilisisimka mwili. Tatu, kutoa hasi tano, ni nane. Swali langu la kidato cha kwanza limejibiwa dirishani, nikiwa na miaka ishirini na ushee, na jibu lenyewe nalijua tangu siku shangazi aliponisamehe deni langu la kwanza! Nilikuwa naliishi. Hakuna aliyewahi kuniunganishia tu.

Mwalimu mwingine, mzee kidogo, akaleta ubishi. Akasema mfano mzuri, ila ukifika kuzidisha hasi kwa hasi, deni mara deni, utasemaje? Wakabishana, hawakupata jibu la kuwaridhisha wote, wakakubaliana kila mmoja aje na lake wiki inayofuata. Na lile zoezi la kutembelea wafanyabiashara kumbe lilizaliwa humohumo, wiki iliyopita. Wakaanza kusoma majibu ya watoto waone wapi wamekwama. Nikaomba Mungu wasilifikie daftari la dogo.

Baadaye yule kijana ndiye aliyenieleza kikao kile ni nini. Kipo kwenye mpango wa taifa unaoitwa MEWAKA, Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini. Taasisi ya Elimu Tanzania inaandaa moduli, mwalimu anaweza kuzisoma kwa mtandao hata kwa simu, na shuleni walimu wanakutana kwenye kinachoitwa jumuiya ya ujifunzaji. Wanachagua mada ngumu, wanapanga namna ya kuifundisha, mmoja anaenda kuijaribu darasani, wanarudi kusemezana. Kuna pia Chama cha Hisabati Tanzania, CHAHITA, ambacho kipo tangu 1966, na kila Machi 14 wanaadhimisha siku ya pai, ile 3.14, na walimu wanakutana.

Mimi nilidhani mafunzo ya walimu ni semina tu. Hotelini, soda mbili, posho, cheti, picha ya pamoja. Hapa hakuna hata maji. Kikao kinaanza vipindi vikiisha, mtu ameshasimama asubuhi nzima mbele ya watoto mia. Kijana akaniambia bando la kusomea moduli analitoa mfukoni, na kumbuka anajitolea. Nikamuuliza kwa nini anajisumbua. Akasema, "Dada, hapa ndipo mahali pekee ninapoweza kusema nimeshindwa bila kuandikiwa barua."

Nina mteja wa Nairobi anakuja kufunga mzigo kwangu kila baada ya miezi miwili, mumewe mwalimu. Nilipomsimulia akaniambia kwao hilo jambo si geni. Mwaka 1998 Kenya walianza mradi wa SMASSE kwa msaada wa JICA ya Japan, kuwanoa walimu wa sekondari wa hisabati na sayansi ambao tayari wako kazini. Maana yake jirani yetu alishakubali zamani kwamba kumpa mtu cheti cha ualimu si mwisho wa kumfundisha.

Turudi kwa Madam. Kikao kikaisha, akatoka na mafaili kifuani. Nikasimama.

"Shikamoo Madam."

"Marahaba mwanangu. Umekuja kwa ajili ya mtoto gani?"

Hotuba yangu yote ikapotea. Nikamwambia mimi ni dada wa fulani, na mimi pia ulinifundisha. Akaniangalia sana. Nilitegemea aseme aah, wewe ndiye uliyeuliza lile swali. Wala! Hakunikumbuka kabisa. Jambo lililonikalia moyoni miaka yote, kwake ilikuwa Jumanne ya kawaida.

"Ulipata nini Hisabati?"

"F, Madam."

Akashusha yale mafaili kwenye benchi, akakaa. Hakutafuta sababu haraka kama watu wazima wanavyofanya. Baadaye akaniambia yeye aliingia kazini mwaka 2006, katoka kidato cha sita moja kwa moja, akapewa kozi ya wiki chache, akapelekwa darasani. Mnawakumbuka? Serikali ilikuwa inajenga sekondari za kata kwa kasi, walimu hawatoshi, mtaani tukawabatiza "voda fasta", kama vocha. Tulicheka sana na hilo jina. Sikuwahi kufikiria kwamba nyuma yake kuna binti wa miaka ishirini amesimama mbele ya watoto tisini na chaki moja, anaogopa kuliko sisi.

Digrii alikuja kuisoma baadaye, jioni, kwa pesa yake. Alijifunza hesabu kubwakubwa. "Lakini kumweleza mtoto wa kidato cha kwanza hasi ni nini," akasema, "hilo hakuna aliyenifundisha. Ukiulizwa na hujui, unakuwa mkali. Ukali unafunika." Halafu akasema, "Pole, mwanangu."

Nataka niwe mkweli, pole ile haikufuta F yangu. Kuna dakika nilitaka kumwambia nipe basi miaka yangu. Yeye amepata jumuiya, amepata kijana wa kumweleza, mdogo wangu anafaidi, mimi je? Na wale tisini niliosoma nao je? Mmoja wao anaendesha boda pale Msimbazi mpaka leo anajiita zero, anaongea kwa utani, ila kila siku.

Lakini nilirudi dukani nawaza. Kariakoo sisi tunajifunza kwa kuulizana. Siku ya kwanza sikujua mkoba feki na orijino vinatofautianaje, nikamuuliza jirani, akanionyesha mshono. Hakuna aliyenicheka, kwa sababu na yeye aliulizia kwa mwenzake. Mwalimu tulimnyima hiyo nafasi. Tulimtaka ajue kila kitu tangu siku ya kwanza, peke yake, na akijifanya anajua tukamwita mkali, na akikiri hajui tungemwita kilaza. Sasa wamepewa saa moja ya kuulizana kwa wiki. Naomba hiyo saa isiliwe na vikao vingine, na bando lisitoke mfukoni kwa kijana anayejitolea. Mwaka 2023 waliofaulu Hisabati kidato cha nne walikuwa karibu robo ya watahiniwa. Imepanda kidogo, sawa. Ila robo ni wanne darasani anafaulu mmoja. Watatu wanaenda wapi? Wengi tuko huku, mnatuona kila siku mkija kununua.

Mzigo mpya wa mali kauli sikuchukua. Nilienda kwa bosi wa jumla nikamwomba nilipe taratibu, akanuna, akakubali. Mpaka juzi nilikuwa hasi arobaini elfu. Dogo ndiye mhasibu wangu, anakuja kila Jumamosi, namlipa chipsi mayai.

Na kwenye droo ya fremu kuna karatasi nimeandika vinavyotakiwa kujisajili kurisiti kama mtahiniwa wa kujitegemea. Somo moja tu. Sijaenda bado. Kila nikiishika nalisikia lile darasa. Ila sasa hivi nasikia na ile sauti nyingine dirishani, ya mtu mzima mbele ya wenzake, anasema hapa sijui.

Haya, na wewe je? Nani alikuambia kariri ukashusha mkono? Tupia kisa chako, jina la ticha kapuni tafadhali, maana huenda na yeye Jumatano hii yuko kwenye kikao.