Jiwe la kijani la Likasi

Juma lililopita tulifunga safari, wamama sita wa shirika letu, kutoka Lubumbashi kwenda Likasi. Ni kilometa 120 hivi za lami, lakini kwa wingi wa malori ya madini asubuhi yetu yote ilikwisha njiani. Tulitaka kuona namna malakiti inavyotengenezwa. Shanga zake na tembo wake wadogo tunaviona mjini kila siku, na wengi wenu mliuliza kama kazi ile inaweza kuongeza kitu katika likelemba yetu.

Malakiti ni mtoto wa shaba. Maji yanapopita katika mwamba wenye shaba kwa muda mrefu sana, jiwe hili linajijenga tabaka juu ya tabaka. Ndiyo sababu ukilikata unaona mistari ya kijani kibichi na ya kijani cheusi, kama ndani ya mti uliokatwa. Tena ni jiwe laini. Kwazi, lile jiwe jeupe lenye kung'aa, linakwaruza kisu. Malakiti inakwaruzwa na kisu. Kwa hiyo inachongeka vizuri, lakini ndimu na siki zinaiharibu. Mama mwenye pete ya malakiti aivue kabla ya kutengeneza samaki.

Wazee wetu walilijua jiwe hili mbele ya wazungu. Union Minière ilianzishwa 1906, lakini zamani sana kabla ya hapo watu wa Katanga walikuwa wakiyeyusha malakiti kwa makaa, katika tanuru za udongo wa kichuguu, na kumimina shaba yake kuwa misalaba iliyotumika kama feza. Walifanya kazi hiyo kiangazi, baada ya mavuno. Wanaume walichimba mashimo na kusimamia tanuru. Wanawake na watoto waliokota mawe ya kijani juu ya udongo na kuyaosha mtoni. Tulipolizungumza hilo ndani ya basi, mama mkubwa wetu alicheka: “Kuosha kwetu, misalaba kwao.”

Likasi tulipokelewa na mama mmoja mwenye kuchonga pamoja na watoto wake. Alituonyesha kila kitu bila kuficha. Kwanza jiwe linakatwa kwa mashini, halafu linasuguliwa kwa msasa mkali, kisha msasa laini, mwisho linapakwa nta mpaka ling'ae. Alitupa na jiwe la plastiki tulilinganishe: la kweli linalemea, ni baridi mkononi, na mistari yake haifanani.

Lakini tulikuwa tumeketi jikoni. Alisugua kavu, hatua mbili tu kutoka sufuria ya bukari, na vumbi la kijani lilikuwa juu ya mifuniko, juu ya nywele za mtoto wa miaka kama minne aliyekuwa akikohoa. Vumbi hilo lina shaba ndani yake, si la kuvuta wala kula. Tulinyamaza kidogo, maana tulikuwa wageni. Mwishowe mama mkubwa akamwambia: “Mwanangu, lowesha jiwe, na kazi itoke nje.”

Alijibu kwa adabu. “Mama, maji yapo. Lakini jiwe likilowa silioni kama limekwisha kulainika, nakawia. Mwenye kununua anakuja siku ya posho, analipa kwa hesabu ya vipande. Nikikawia, tutakula nini?”

Hatukuwa na jibu la haraka. Tulisaidia kubeba meza chini ya mwembe, tukaweka beseni la maji, akasugua tembo mmoja huku akilipangusa kwa kitambaa ili aone. Ilichukua muda mrefu zaidi, kweli. Uji wa kijani ulitiririka mguuni pa meza, akasema kesho atauchimbia shimo mbali na matembele yake. Mtoto akapelekwa kwa jirani.

Yule tembo tulimnunua sisi, kwa bei ya juu kidogo kuliko ya mnunuzi wake. Yuko kwenye meza ya shirika. Wenye kutaka kuanza kazi hii waje siku ya posho saa nne, na kila mmoja alete beseni na kitambaa cha kufunga pua.