Mpaka au Kikomo? Neno Moja la Fizikia Kambini Dzaleka

Walimu wenzetu wanajua kwamba neno moja lisilofaa laweza kuharibu somo zima. Sisi tunaowasaidia vijana wa Dzaleka, wilayani Dowa, kuyapitia kwa Kiswahili masomo wanayofundishwa kwa Kiingereza, tumelipima jambo hilo katika fizikia. Tulitaka kueleza jinsi kanuni za Newton zinavyopatikana ndani ya kanuni za kwanta. Vijana wakapendekeza neno mpaka: huku kwanta, kule Newton.

Neno hilo si jepesi hapa. Kambi ilifunguliwa mwaka 1994 mahali palipokuwa gereza, na wengi wa wakazi wake wamevuka mipaka kutoka Kongo, Burundi na Rwanda. Mwaka 2023 serikali iliwarudisha kambini wakimbizi waliokuwa wakiishi Lilongwe, mwendo wa kilomita 45 hivi. Ukimtajia kijana wa hapa mpaka, atauliza uko wapi, na nani anaulinda.

Lakini mpaka huo haupo. Mwaka 1924 Louis de Broglie alieleza kwamba kila kitu kiendacho kina wimbi, na urefu wake hupatikana kwa kuigawa namba isiyobadilika ya Planck kwa zao la tungamo na kasi. Elektroni iendayo mita milioni moja kwa sekunde ina wimbi refu kuliko upana wa atomu. Hapo uwimbi hauwezi kupuuzwa. Mpira upigwao na watoto uwanjani nao una wimbi. Ila ukiigawa mita moja kwa 1 yenye sufuri 33, wimbi hilo bado ni fupi zaidi. Mpira haukupita lango lolote. Umetii kanuni ile ile, na Newton akatosha. Naye Paul Ehrenfest alionyesha mwaka 1927 kuwa wimbi lililojikusanya mahali padogo huenda, kwa wastani wake, kama Newton alivyosema.

Kwa hiyo sisi twachagua kikomo, kwa maana ya kule jambo linakoelekea kwa kukaribia kidogo kidogo. Kijana akilielewa hivyo, hatadhani kwamba Newton amefutwa, wala kwamba elimu mpya humfukuza mwenyeji wa zamani. Wenzetu walio na neno bora zaidi na walilete, tulijadili.