Barua Zenye Stempu za Serikali Mbili

Katika karne ya 19, mji wa Alexandria, ulio pwani ya Misri, ulikuwa na posta kadhaa za kigeni. Waingereza, Wafaransa, Waitalia na Waaustria walikuwa na ofisi zao humo, na kila taifa liliuza stempu zake.

Sababu ni kwamba kabla ya mapatano ya posta ya Bern kuanza kutumika mwezi wa Julai 1875, stempu ya Misri peke yake mara nyingi haikutosha kuifikisha barua Ulaya. Mtu wa Cairo aliyemwandikia mwenziwe wa Marseille alilipia safari ya nchi kavu kwa stempu ya Misri, yenye picha ya piramidi na ya Sphinx, yule simba wa mawe mwenye uso wa mtu. Kando yake ilibandikwa stempu ya Kifaransa ya kuvukia bahari.

Posta ya Waingereza ilitumia stempu zile zile za Malkia Victoria zilizouzwa London. Ni muhuri wa B01 tu unaojulisha kwamba stempu ilitumika Alexandria. Wa Suez ulikuwa B02.

Basi anayeiloweka bahasha ya namna hii ili abandue stempu huiharibu kabisa, maana hubaki na vikaratasi viwili visivyojuana. Wadanganyifu nao huongeza stempu ya pili juu ya barua ya kweli. Kwa hiyo mnunuzi mwangalifu hutazama kwanza kama wino wa muhuri umevuka kutoka stempu hadi kwenye bahasha, kisha hulinganisha tarehe za mihuri yote miwili.