Waliokuja Kulala Matanga

Watu husafiri kwa sababu nyingi. Mfanyabiashara hufuata faida, mwanafunzi hufuata elimu, mgonjwa hufuata tabibu, na mwenye nafasi na fedha hufuata hewa njema na picha za kuwaonyesha jirani zake. Walakini ziko safari ambazo sababu yake haiandikiki katika karatasi za kiwanja cha ndege. Msafiri akiulizwa anakwenda kufanya nini, hujibu kuwa anakwenda kutembea, kwa kuwa neno hilo ndilo lililo karibu na ulimi. Nataka kukueleza, msomaji wangu, safari moja ya namna hiyo. Haikuwa safari yangu. Mimi nilikuwa abiria wa kiti kilichobaki wazi.

Agosti 2022 nilikuwa Accra, mji mkuu wa Ghana, kwa mkutano wa walimu wa siku tano. Katika nyumba ya wageni tuliyofikia walikuwamo watu weusi wa Marekani, ishirini na watatu kwa jumla, wengi wao wanawake waliopita umri wa miaka sitini. Walikuwa wamechanga fedha kidogo kidogo kwa muda wa miaka mitatu, mfano wa vyama vya akina mama wa kwetu, ili waje pamoja. Kiongozi wao alikuwa bibi mmoja, muuguzi aliyestaafu, mwenye sauti ya kuamrisha na moyo wa huruma. Siku ya Jumamosi mmoja wao aliamka na homa, na bibi yule akaniambia mezani, "Ndugu, basi letu lina nafasi. Wewe ni mwalimu, njoo uone." Nikaenda.

Yafaa kwanza ujue kwa nini watu hawa walichagua Ghana. Nchi hiyo ilipopata uhuru wake mwaka 1957 iliwavuta weusi wengi wa ng'ambo. Mwanachuoni W. E. B. Du Bois alihamia Accra mwaka 1961, akiwa mzee wa miaka zaidi ya tisini, akafia huko tarehe 27 Agosti 1963, na kaburi lake limo mjini. Mwandishi Maya Angelou naye aliishi huko katika miaka hiyo. Baadaye serikali ya Ghana iliufanya mwaka 2019 kuwa Mwaka wa Kurejea, kwa kukumbuka miaka 400 tangu Waafrika wa kwanza kufikishwa Virginia mwaka 1619, na mwezi wa Novemba mwaka huo iliwapa uraia watu 126 wa asili ya Kiafrika kutoka ng'ambo. Mwaka 2024 iliwapa wengine 524.

Hata hivyo, katika wale ishirini na watatu hapana hata mmoja aliyejua kwa yakini kuwa babu yake alitoka Ghana. Wataalamu waliokusanya habari za merikebu za watumwa wanakadiria kuwa watu milioni 12.5 hivi walipakiwa katika pwani za Afrika kuvushwa Bahari ya Atlantiki, na karibu milioni 10.7 ndio waliofika hai. Waliotoka pwani ya Ghana ni sehemu tu ya hesabu hiyo. Wengine walitoka Angola, Kongo, Nigeria, Benin, Senegambia, na hata Msumbiji. Kijana mmoja katika basi alikuwa ametia mate yake katika kichupa na kuyapeleka kupimwa, akapewa karatasi iliyomgawa vipande vipande: sehemu Nigeria, sehemu Ghana, sehemu Kameruni, na sehemu Uingereza. Alicheka akasema kuwa angelipaswa kusafiri mwaka mzima kuwaamkia jamaa zake wote.

Bibi muuguzi hakucheka. Alinieleza kuwa yeye aliifuatilia nasaba yake katika madaftari ya serikali mpaka mwaka 1870, na hapo njia ikakatika. Mwaka huo ndio hesabu ya watu wa Marekani ilipowaandika kwa majina wote waliokuwa watumwa. Katika hesabu za mwaka 1850 na 1860, mtumwa aliandikwa chini ya jina la bwana wake: umri, jinsia, na rangi, basi. "Nyanya ya nyanya yangu," alisema, "ni mstari katika daftari. Mwanamke, miaka kumi na tisa." Fikiri, msomaji wangu. Wewe ukiulizwa ukoo wako, hata kama huwajui wazee wa vizazi saba, yuko mjomba au shangazi kijijini awezaye kuwataja. Bibi yule hakuwa na wa kumwuliza.

Usiku uliotangulia walikuwa wamepewa majina. Kwa desturi ya Waakan, mtoto huitwa kwa siku aliyozaliwa: mwanamume wa Ijumaa ni Kofi, mwanamke wa Jumamosi ni Ama, wa Jumapili ni Akosua. Mwenye nyumba ya wageni aliwaandalia sherehe, ngoma na kitambaa, kwa malipo. Walimu wenzangu wawili walilifanyia jambo hili mzaha, wakasema kuwa majina yananunuliwa kama maandazi. Mimi naona ya kuwa ada ililipwa kweli, lakini asubuhi bibi mmoja mzee alipoitwa "Ama!" kutoka mlango wa basi, aligeuka mara moja na kuitika, na uso wake haukuwa wa mtu aliyenunua kitu.

Njiani tulisimama kununua maji na ndizi. Watoto walilizunguka basi wakapiga kelele kwa furaha, "Obroni! Obroni!" Wageni walipunga mikono. Kisha yule Ama akamwuliza dereva maana ya neno hilo. Dereva alikuwa mtu wa adabu. Alijikunja kidogo kabla ya kujibu kuwa ni neno la kumwita mtu wa ng'ambo. Kijana wa karatasi ya mate, ambaye alikuwa amesoma sana kabla ya kuja, akaongeza kuwa ndilo waitwalo Wazungu. Ama ni mweusi kuliko mimi. Alikaa, akatazama nje, na kwa muda mrefu hapana aliyezungumza.

Nimelifikiri jambo lile mara nyingi. Mtoto hakukosa, kwa kuwa macho yake yaliona mavazi, mwendo na kamera, na masikio yake yalisikia lafudhi. Watoto wetu hapa Kenya wangelifanya vivyo hivyo na kupaza "mzungu" kwa mtu mweusi kama wao. Wala Ama hakukosa kuumia. Kwao Marekani aliambiwa maisha yake yote kuwa yeye ni wa Afrika. Na siku ya nne barani Afrika aliambiwa na mtoto wa miaka sita kuwa yeye ni wa huko alikotoka. Msafiri wa namna hii huja akitafuta mama, naye mama amekwisha kuisahau sura yake.

Tulifika kwanza Assin Manso, kaskazini ya Cape Coast. Hapo upo mto mdogo, wenye kivuli cha mianzi, ambamo mateka walioletwa kwa miguu kutoka bara walioshwa kwa mara ya mwisho kabla ya kufikishwa sokoni na pwani. Waliogeshwa wapendeze machoni pa wanunuzi. Wageni huvua viatu wakashuka mtoni peku, nasi tulifanya hivyo. Maji yalikuwa baridi na hayakuvuka vifundo vya miguu. Karibu na njia yako makaburi mawili. Mwaka 1998 mifupa ya watu wawili waliokuwa watumwa, mwanamke aliyezikwa Jamaica na mwanamume aliyezikwa Marekani, ilirudishwa kwa bahari, ikapitishwa katika mlango uleule waliotolewa wengine, ikazikwa hapo. Wanawake wa msafara wetu walikaa chini kando ya makaburi hayo. Hawakuhutubu. Mmoja alianza kuimba kwa sauti ya chini, wengine wakampokea, na kiongozi wa njia akavua kofia yake.

Hapo ndipo nilipofahamu nilikokuwa. Sisi watu wa Kenya, wa pwani na wa bara, tunajua maana ya matanga. Mtu akifa, hata akifia baharini na mwili wake usionekane, watu hukusanyika, hukaa chini, hulala pamoja, hula chakula cha msiba, humtaja marehemu, na baada ya siku zilizowekwa tanga huanuliwa na kila mtu akarudi kazini. Asiyekalishiwa matanga huwasumbua waliobaki nyuma, si kwa uchawi, bali kwa kuwa mambo yake hayakumalizwa. Watu hawa wa Marekani walikuwa na wafu wengi mno, na hapana siku waliyopata kuwakalia matanga. Bwana wa shamba hakutoa ruhusa. Ndiyo sababu hawakuja mmoja mmoja. Mtu peke yake huweza kutembea, lakini hawezi kulala matanga peke yake.

Alasiri tuliingia ngome ya Cape Coast. Mlangoni raia wa Ghana hulipa kidogo na mgeni hulipa zaidi. Mzee mmoja wa msafara alihesabu noti zake polepole akasema, "Wazee wangu waliingia humu bure." Karani aliinamisha macho. Mimi nililipa vilevile ada ya mgeni, nikaona ni haki. Yeye aliona vingine, na sijui ni karani gani duniani awezaye kuukata ushauri huo.

Ngome ile ilianzwa na Waswidi mwaka 1653, na katika miaka ya 1660 ilishikwa na Waingereza, wakaifanya makao yao makuu katika pwani hiyo; biashara ya watumwa waliikataza kwa watu wao mwaka 1807. Kuta zake zimepakwa rangi nyeupe, na toka mbali waweza kuidhania hoteli. Chini ya ardhi ndimo yalimo mashimo ya kufungia watu. Hewa na nuru viliingia kwa vitundu vilivyo juu karibu na dari. Juu ya shimo la wanaume ndipo walipokuwa wakisali wakubwa wa ngome. Sitakueleza zaidi harufu na giza la mle. Nitasema tu kwamba kiongozi alipozima taa, mkono wa mtu nisiyemwona ulishika mkono wangu, ukauachia taa ilipowashwa.

Ndani mle bibi muuguzi aliuliza swali lililokuwa likisubiriwa na wote: "Nani alituuza?" Kiongozi alikuwa Mfante, mtu wa mji huohuo, na alijibu kwa uwazi ambao ningetamani kuusikia katika madarasa yetu yote. Alisema kuwa Wazungu walijenga ngome, wakaleta bunduki, nguo na pombe, lakini waliowateka watu bara na kuwaleta mpaka mlangoni, aghalabu, walikuwa weusi: wafalme, majemadari na wachuuzi. Mwaka 1999 Mathieu Kérékou, aliyekuwa Rais wa Benin, alifika Baltimore kuomba radhi kwa weusi wa Marekani kwa sababu hiyohiyo. Kiongozi wetu hakuwa rais. Alisimama mbele ya wanawake wale akasema, "Samahani, mama zangu." Wengine walilia. Mmoja alitoka nje bila kumtazama, na hiyo nayo ilikuwa haki yake.

Mwisho wa njia ni ule mlango uitwao Mlango wa Kutorudi. Nilikuwa nimejiweka tayari kuona bahari tupu. Mlango ulipofunguliwa tulikutana na makelele: mitumbwi ya rangi rangi, wavuvi wakishona nyavu, wanawake wakipima samaki, watoto wakicheza mpira. Upande wa nje, juu ya mlango huohuo, yameandikwa maneno ya kukaribisha warejeao. Walitoka wote, wakageuka, wakaingia tena.

Je, waliponywa? Neno hili hutumiwa kwa wepesi na wenye kuuza safari, nami sipendi kulitumia hivyo. Kwa jioni ile naweza kushuhudia hili tu: katika basi walizungumza sana, walicheka, waligawana njugu, na Ama alimsimulia dereva habari za mumewe aliyefariki, kama wafanyavyo watu tanga likiisha kuanuliwa.

Tukirudi Accra bibi muuguzi aliniuliza, "Na kwenu, waliuzwa pia?" Nikamwambia habari za Mombasa. Nilimweleza kuwa baada ya Sultani Barghash kukubali mwaka 1873 kulifunga soko la watumwa la Unguja, wamisheni walianzisha Frere Town, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, mwaka 1875, wakakaa humo watu waliookolewa katika majahazi. Walikuwamo pia waliokuwa wamepelekwa Bara Hindi wakasomeshwa Nashik, ndipo wakarudishwa Afrika. Asili yao ilikuwa Wayao, Wamakua na Wanyasa, watu wa mbali sana na Mombasa. Walirudishwa barani, lakini kwao hawakufika. Wakajenga, wakaoana, wakawa mafundi na walimu. Kengele iliyopigwa kuwaonya watekaji wakionekana ingali pale kando ya barabara, na mtaa umeitwa Kengeleni. Kila siku makondakta wa matatu hulipaza jina hilo, na abiria hushuka na vikapu vyao.

Alitoa kijitabu akaniomba nimtajie jina hilo herufi kwa herufi. Kisha akauliza, "Watoto wao sasa huitwa wageni?" Nikamjibu kuwa huitwa watu wa Mombasa, ijapokuwa haikuwa hivyo siku zote. Alinyamaza kidogo, akaandika hayo nayo, na huko mbele taa za Accra zilikuwa zimekwisha kuonekana.