Kuchagua Kisiwa cha Kuzamia: Safari ya Mke na Mume Katika Bahari ya Karibi



Ndugu wasomaji, tangu mume wangu na mimi turudi safari mwezi wa nane mwaka 2025, tumekuwa tukiulizwa maswali mengi na jamaa zetu wa Bujumbura, Kigali na Uvira, na pia vijana wanaosoma huku Kanada. Wengine wanauliza kwa kutaka kujua, wengine wanauliza kwa kulaumu kidogo: kwa nini watu wazima wenye watoto watatu wafunge safari kwenda kuzama chini ya bahari? Nimeona bora nijibu kwa maandishi, ili yeyote anayefikiria safari kama hii pamoja na mwenzake apate pa kuanzia.

Sisi ni watu wa Buyenzi, Bujumbura. Tumekulia karibu na Ziwa Tanganyika, na sasa tunaishi Montreal. Mume wangu ni mtu wa maji tangu utotoni, na huku ugenini alijifunza kuzamia kwa mtungi wa hewa hadi akapata cheti cha ngazi ya pili. Mimi ni kinyume chake. Nilipokuwa na miaka 9, mtoto wa mama yangu mkubwa alizama ziwani akafa. Allah amrehemu. Toka siku ile maji yaliyonipita kiuno sikuyataka tena. Kwa hiyo mume wangu alipopendekeza kwamba tusherehekee miaka 15 ya ndoa kwa kuzamia pamoja, sikumjibu kwa siku mbili. Siku ya tatu nilimwambia, "Baba watoto, nitajifunza, lakini mahali pa kwenda tutachagua pamoja, na tutachagua kwa kipimo changu, si kwa kipimo chako." Akasema, "Mama watoto, nimekubali."

Kuhusu fedha, tuliweka akiba kwa miaka mitatu. Tulitoa kwanza zaka na tukapeleka ya wazee nyumbani kama kawaida, ndipo tukahesabu iliyobaki. Na mtu asiulize kwa nini hatukwenda Pemba au Mafia, ambako matumbawe ni mazuri na adhana inasikika. Kwetu sisi kwenda Afrika ni safari ya siku mbili, na tukifika, siku zote ni za ndugu, harusi na misiba, kama inavyopasa. Visiwa vya Karibi viko karibu na Montreal, na watoto waliweza kubaki kwa shangazi yao Ottawa kwa siku 9 tu.

Basi tuliketi mezani na ramani. Sehemu ya kwanza iliyotajwa ilikuwa Belize, kwa sababu kila anayezamia amesikia habari za lile Shimo la Buluu, lenye upana wa mita 300 hivi na kina cha zaidi ya mita 120. Jacques Cousteau alifika pale mwaka 1971 na kulitangaza duniani. Lakini kitu ambacho watu hukifuata mle, yaani yale mawe yaliyoning'inia kama meno, huanza kwenye kina cha mita 40 hivi. Mwanafunzi mwenye cheti cha kwanza mwisho wake ni mita 18. Mume wangu angeshuka na mimi ningebaki juu ya boti nikimhesabia dakika. Tukaifuta.

Sehemu ya pili ilikuwa Cozumel, kisiwa cha Meksiko. Bei zake ni nafuu na miamba ya Palancar inasifiwa sana. Tatizo ni mkondo. Pale mzamiaji hubebwa na mkondo na boti humfuata juu kwa juu mpaka atakapoibuka. Kwa mtu mzoefu hiyo ni raha kubwa, kwa sababu hupigi hata pezi. Kwa mtu ambaye bado anajifunza kusimama majini, ni mtihani.

Ya tatu ilikuwa Grand Cayman. Kuna mahali maji hayazidi kina cha mita 4 hivi na samaki taa huja wenyewe kwa watu. Kuna pia meli ya zamani ya jeshi la Marekani, Kittiwake, iliyozamishwa makusudi mwaka 2011 ili iwe makazi ya samaki. Tulipenda, ila gharama ya malazi na chakula ilitushinda.

Ya nne ilikuwa Tobago, na hii moyo wangu uliielekea. Nchi ya Trinidad na Tobago ina jamii ya Waislamu ya muda mrefu, wengi wao wazao wa Wahindi walioanza kuletwa kufanya kazi ya mikataba mwaka 1845, na Idi el Fitri ni sikukuu ya taifa. Nilifikiri kwamba swala ya Ijumaa na chakula cha halali visingekuwa taabu. Lakini maji mazuri ya Tobago ya kuzamia yako upande wa Speyside, na huko pia mikondo ni mikali. Isitoshe, mwezi wa pili mwaka 2024 jahazi la mafuta lilipinduka karibu na pwani ya kusini magharibi ya kisiwa na kumwaga mafuta baharini. Tukasema, Insha-Allah siku nyingine.

Ikabaki Bonaire. Ni kisiwa kidogo, kiko kilomita 80 hivi kutoka pwani ya Venezuela, na tangu mwaka 2010 ni sehemu ya Uholanzi moja kwa moja, ingawa fedha inayotumika ni dola ya Marekani. Mambo matatu yalitufanya tukichague.

La kwanza ni msimu wa tufani. Katika Karibi msimu huo ni kuanzia tarehe 1 Juni hadi 30 Novemba, na likizo yetu ni mwezi wa nane, katikati kabisa. Bonaire iko kusini ya njia ambayo tufani nyingi hupita. Sisemi kwamba haiguswi kamwe, kwani mwaka 1999 tufani Lenny ilikuja kinyume, kutoka magharibi, na mawimbi yake yakavunja matumbawe ya kisiwa hiki. Lakini hatari ni ndogo kuliko visiwa vya kaskazini. Miezi miwili baada ya sisi kurudi, tarehe 28 Oktoba 2025, tufani Melissa iliipiga Jamaika kwa nguvu ya daraja la 5, na wengi walipoteza maisha na nyumba. Tuwaombee.

La pili, upande wa magharibi wa Bonaire bahari ni tulivu, na mwamba wa matumbawe umekaribia nchi kavu kiasi kwamba huhitaji boti. Unakodi gari la pick-up, unapakia mitungi, unafuata barabara ya pwani, na kila mahali pa kuingilia pamewekwa jiwe lililopakwa rangi ya njano lenye jina. Sehemu zaidi ya 50 zinaingilika namna hiyo. Kwangu mimi hili lilikuwa jambo kubwa. Niliingia majini kwa miguu yangu, hatua moja moja, na nilijua kwamba nikitaka kurudi nitageuka na kutembea.

La tatu ni uangalizi. Bahari yote inayokizunguka kisiwa ni hifadhi tangu mwaka 1979. Kila mzamiaji analipa ada, anasikiliza maelezo, na kwanza anazamia mahali pa majaribio ili aonekane kama anaweza kujizuia asiguse matumbawe. Hata glavu zimepigwa marufuku, maana mwenye glavu hushikashika.

Masomo ya darasani na ya bwawa nilifanya Montreal wakati wa baridi, pamoja na mwalimu wa kike kama nilivyoomba. Kisha yale majaribio manne ya baharini niliyamalizia Bonaire. Utaratibu huu unaruhusiwa, na nawashauri dada zangu waufuate, kwa sababu unafika ukiwa umeshazoea vyombo. Kuhusu mavazi, msiwe na wasiwasi. Suti ya mpira ya kuzamia hufunika mikono na miguu yote, na kofia yake hufunika nywele na shingo. Wazamiaji wengi huivaa kwa ajili ya baridi. Mimi niliongeza kanzu fupi ya kuogelea juu yake.

Kitu kilichonisaidia zaidi katika hofu yangu ni kuelewa jinsi mambo yanavyokwenda. Kila mita 10 unazoshuka, shinikizo linaongezeka kwa kiasi kilekile cha hewa yote iliyo juu ya dunia. Hewa iliyojaa puto hapa juu, kwenye mita 10 inabanwa ikawa nusu. Ukipanda, inatanuka tena. Ndiyo maana sharti la kwanza ni kutozuia pumzi kamwe, kwa sababu hewa ikitanuka ndani ya mapafu yaliyofungwa inaweza kuyapasua. Na ndiyo maana unapanda polepole, si zaidi ya mita 9 kwa dakika, kisha unasimama dakika 3 kwenye kina cha mita 5, ili naitrojeni iliyoingia mwilini itoke kwa utaratibu. Ukiharakisha inageuka mapovu ndani ya damu na viungo. Mwenda pole hajikwai, na chini ya maji methali hii ni sheria.

Siku ya kwanza baharini tulishuka mita 8 tu. Mwalimu alikuwa mbele, na mume wangu alikuwa ubavuni kwangu, umbali wa mkono. Nilisikia sauti ya pumzi yangu, halafu nikasikia sauti nyingine, kama mtu anayetafuna karanga. Alikuwa pono akikwangua mwamba kwa meno yake. Anachokitafuna hutoka tena kikiwa mchanga, na sehemu kubwa ya mchanga mweupe wa fukwe zile ni kazi ya samaki huyo. Subhanallah. Siku ya tatu kasa alipita chini yetu bila kujali. Nilimgeukia mume wangu nikaona macho yake yamejaa ndani ya miwani, na sidhani kama ni kwa sababu ya kasa.

Lakini sitaki mfikiri kwamba huko chini ni bustani isiyo na huzuni. Mwezi wa tatu mwaka 2023 ugonjwa unaoua matumbawe magumu, ulioonekana mara ya kwanza Florida mwaka 2014, ulifika Bonaire. Kisha joto la bahari la mwaka 2023 na 2024 likapausha miamba karibu dunia nzima. Tuliona matumbawe ya duara, makubwa kuliko meza, ambayo nusu yake imekufa na kuota majani. Tuliona pia samaki simba, mwenye miiba ya sumu. Yeye asili yake ni bahari zetu za Hindi na Pasifiki, na kule hana adui wa kumpunguza, kwa hiyo anamaliza vitoto vya samaki wengine. Wenyeji wanamwinda na kumla, nasi tulimla. Nyama yake ni nyeupe na laini. Tulimla na funchi, na funchi, ndugu zangu, ni ugali! Kwa kuwa nyama ya halali hatukuwa na hakika nayo, tulikula samaki na funchi siku zote na hatukupungukiwa na kitu.

Siku ya mwisho hatukuzamia, kwa sababu baada ya kuzamia mara nyingi unatakiwa ukae angalau saa 18 kabla ya kupanda ndege. Tulikwenda kusini, kwenye mashamba ya chumvi. Pale ufukweni, mbele ya maji yale yale mazuri, kuna vibanda vya mawe vilivyojengwa mwaka 1850 kwa ajili ya watumwa waliovuna chumvi. Mtu mzima hawezi kusimama ndani yake. Familia zao zilikuwa Rincon, upande wa pili wa kisiwa, mwendo wa saa nyingi kwa miguu, na waliwaona mwisho wa wiki tu. Utumwa ulikomeshwa pale mwaka 1863. Mume wangu aliingia kwenye kibanda kimoja kwa kutambaa, akakaa kimya. Tuliwaombea wote waliodhulumiwa, kisha tukaswali Adhuhuri na Alasiri kwa kupunguza, mchangani, tukiwa wawili tu.

Kwa wanaotaka kufuata njia hii, nausia haya. Kwanza, chagueni mahali kwa kumtazama aliye dhaifu kati yenu, kwa sababu mwenye nguvu atafurahi popote. Pili, jazeni fomu ya afya kwa ukweli, na mwenye pumu, ugonjwa wa moyo au mimba amwone daktari kabla ya kulipa chochote. Mwenye mimba asizamie kabisa. Tatu, ulizeni chemba ya kutibia wazamiaji iko wapi na kama inafanya kazi wiki hiyo, na mkate bima inayoigharimia. Nne, angalieni kalenda ya tufani kabla ya kuangalia bei ya tiketi. Tano, oshani vyombo vyenu kwa dawa mnayopewa, ili msibebe ugonjwa wa matumbawe kutoka ufukwe mmoja kwenda mwingine.

Na kwa wale wanaouliza kama hofu yangu imekwisha, jibu ni kwamba haijaisha yote. Bado nikiona mtoto peke yake karibu na maji moyo unanipiga, na naona ni vizuri uendelee kunipiga hivyo. Watoto wetu watatu sasa wanakwenda bwawani kila Jumamosi kujifunza kuogelea, na mimi naingia pamoja nao.

Allah awalinde wasafiri wetu wote, wa nchi kavu na wa majini, na azitie baraka ndoa zetu. Amin.

Wassalaam alaykum warahmatullah.