Kipa Huokota Mpira Mwenyewe

Nilikuwa kipa wa shule kwa msimu mmoja na nusu. Hiyo nusu iliishia kwenye mpira mmoja uliodunda kwenye kichuguu, ukanipita katikati ya miguu. Tulikuwa tunatafuta nafasi ya kucheza wilayani. Njia nzima ya kurudi Nyamigogo hakuna aliyenisemesha. Nilipofika nyumbani nikavua glovu, ambazo kwa kweli zilikuwa soksi za mama, nikazitupa migombani.

Baba mdogo akaziokota. "Ukifungwa," aliniambia, "hakuna anayekwenda kukuletea mpira wavuni. Unauokota mwenyewe."

Sikumwelewa. Sikudaka tena.

Nilimwelewa miaka baadaye, kwa kumfuatilia Juma Kaseja. Mwaka 2003, akiwa bado kijana, alisimama golini Cairo siku Simba ilipowavua Zamalek ubingwa wa Afrika kwa penalti. Hadithi ingeishia hapo tungemwita shujaa, basi. Lakini kipa huishi na makosa yake kuliko mchezaji yeyote. Alikwenda Yanga, akarudi Simba, akaenda Yanga tena, na kila alipohama kuna waliomwita msaliti. Ikafuata Mbeya City. Ikafuata Kagera Sugar, huku kwetu, wakati wengi wakisema mzee kaisha.

Mei 19, 2018, Simba walikuwa hawajapoteza mchezo wa ligi msimu mzima. Rais Magufuli alikuwepo Uwanja wa Taifa kuwakabidhi kombe. Kagera Sugar wakashinda 1-0, na mwishoni Kaseja akapangua penalti ya Emmanuel Okwi. Dukani tulikosikilizia redio, mashabiki wa Simba walilipa soda zao wakaondoka bila kuaga.

Mwaka uliofuata akarudishwa Taifa Stars. Septemba tukacheza na Burundi, majirani ambao nusu yetu tumeoa au kuolewa kwao. Penalti tena: 3-0. Burundi hawakufunga hata moja. Shemeji yangu alizima simu siku mbili.

Kisha Kaseja akawa kocha wa makipa, na baadaye akarudi Bukoba kuifundisha Kagera Sugar. Wengine waliona ameshuka. Mimi niliona mtu anayejua kitu ambacho mfungaji hakijui: namna ya kusimama tena baada ya kuaibika mbele ya watu.

Siku hizi jioni nafundisha watoto kwenye uwanja uleule. Kichuguu tulikisawazisha kwa jembe. Wiki iliyopita kipa wetu, mtoto wa darasa la sita, alifungwa goli la kizembe, akakaa chini akilia. Wenzake walianza kufoka. Nikawanyamazisha, nikaenda golini. Mkono wangu ulishauelekea mpira, nikaurudisha.

"Uokote," nikamwambia. "Nakusubiri."

Alichukua muda. Aliuokota.

Baba mdogo hakuwepo kuona. Tulimzika mwaka juzi. Soksi zile alikuwa amezihifadhi, zimefuliwa.