Nusura nipoteze majina aliyoniachia mama

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Mpenzi msomaji, methali hiyo niliiandika mara nyingi katika insha zangu za shule ya msingi ili mwalimu anipe alama. Hata hivyo, sikuielewa hadi juma moja la mwezi wa Aprili mwaka wa 2024, nikiwa sebuleni mwangu hapa Nairobi.

Ngoja nikusimulie kisa chenyewe, maanake huenda nawe una picha za jamaa zako kwenye kompyuta na unadhani ziko salama.

Mwaka wa 2019 mama yangu mzazi alikuja kukaa nasi kutoka Murang'a ili awe karibu na kliniki. Alikuja na mkungu wa ndizi na sanduku dogo la bati. Ndani ya sanduku hilo mlikuwa na picha za karatasi, nyingi nyeusi na nyeupe, nyingine zimeliwa pembeni na mende. Nilizipitisha kwenye skana moja baada ya nyingine. Zilipofika mwisho zilikuwa 412.

Wakati huo nilikuwa nikipiga picha za harusi mwishoni mwa juma ili kuongezea karo ya watoto. Kwa ajili ya kazi hiyo nilikuwa na Lightroom, programu ya kupanga na kurekebisha picha ambayo wapiga picha wengi wameitumia tangu ilipotolewa mwaka wa 2007. Humo ndimo nilimoziingiza picha za mama.

Kila jioni, baada ya kula, mama alivaa miwani yake na kuketi kando yangu. Nilimfungulia picha moja moja, naye akanieleza nani ni nani. "Huyu ni mke wa kwanza wa yule fundi wa baiskeli," angesema. "Na huyu mtoto aliyebebwa alikufa kwa surua kabla hujazaliwa. Andika jina lake, mwanangu, hana mahali pengine palipoandikwa." Nami nikaandika chini ya kila picha. Mama aliaga dunia mwezi wa Machi mwaka wa 2021.

Miaka mitatu baadaye, ukoo ulikubaliana tutengeneze kijitabu cha picha hizo, tukigawe siku ya ibada ya kumkumbuka. Kazi nikapewa mimi, nikajigamba kwamba kila kitu kiko tayari. Nilipofungua programu, iliniambia kwamba katalogi haionekani. Badala ya kutulia, nilibofya pale palipoandikwa nifungue mpya. Ikafunguka nyeupe pe! Hapakuwa na picha hata moja.

Nilimwita kifungua mimba wangu, aliyekuwa nyumbani kwa likizo kutoka chuoni.

"Kijana, umegusa kompyuta hii?"

"Ndiyo, Baba. Ilikuwa imejaa. Nilihamisha picha zote kwenye diski ya nje, hata zile za bibi nikazipa majina mazuri, bibi 1, bibi 2. Hakuna iliyopotea."

"Na folda iliyokuwa na faili ya katalogi?"

Alinyamaza kidogo. "Kulikuwa na faili moja kubwa ambayo haikuwa picha. Niliifuta pamoja na folda yake. Na pipa la taka nikalimwaga."

Msomaji, kama hujatumia programu za aina hii, utauliza kilio kilikuwa cha nini ilhali picha zilikuwepo. Nikupe mfano. Nilipokuwa mwanafunzi nilizoea kwenda maktaba ya McMillan, ile iliyofunguliwa mwaka wa 1931 katikati ya jiji la Nairobi. Enzi hizo vitabu vilikuwa kwenye rafu, na kadi zilizoonyesha kila kitabu kiko wapi zilikuwa kwenye droo. Ndani ya droo hamkuwa na vitabu, mlikuwa na habari za vitabu. Katalogi ya picha iko vivyo hivyo. Haihifadhi picha zenyewe. Inahifadhi mahali picha zilipo, marekebisho uliyozifanyia na maneno uliyoziandikia. Usipoiamuru programu iandike maneno hayo ndani ya faili ya picha, yanabaki kwenye katalogi pekee. Mimi sikuwa nimeiamuru.

Kwa hivyo tulikuwa na nyuso 412 zisizo na majina, na aliyeyajua majina alikuwa kaburini.

Sitakuficha. Nilimfokea kijana yule maneno ambayo mzazi hapaswi kumwambia mwanawe. Mama watoto alitoka jikoni akiwa bado ameshika mwiko. "Baba watoto," akasema, "kabla ya kutafuta mwenye makosa, si mtafute kwanza kilichopotea?" Akatuamuru sote tuiache kompyuta hiyo hadi asubuhi. Bila kujua, alikuwa amesema jambo la kitaalamu. Faili iliyofutwa huweza kubaki kwenye diski kwa muda, na kila kitu kipya unachoandika juu yake kinazidi kuifukia.

Asubuhi tulianza kutafuta. Faili ya katalogi ya Lightroom huishia na herufi .lrcat, na tuliiambia kompyuta itafute kila faili yenye mwisho huo. Ilileta moja tu, ile tupu niliyoifungua mwenyewe jana yake. Tuliunganisha diski ya nje tukatafuta tena. Hatukupata kitu. Nilitaka kukata tamaa.

Kijana ndiye aliyegundua jambo. "Baba, humu kuna folda sita ambazo majina yake ni tarehe na saa. Ni zako?" Nikakumbuka. Programu hiyo, unapoifunga, hukuuliza kama ungependa iweke nakala ya akiba ya katalogi. Kwa kawaida nakala hizo huwekwa kwenye folda iliyo ubavuni mwa katalogi yenyewe, na kama ningeziacha huko zingefutwa pamoja nayo. Lakini kwa kuwa kompyuta ilikuwa na nafasi finyu, nilikuwa nimeielekeza iziweke kwenye diski ya nje. Hatukuziona tulipotafuta kwa sababu nakala hizo hubanwa na kupewa mwisho wa .zip.

Tulichukua ya karibuni zaidi, ya tarehe 9 Agosti mwaka wa 2020. Hatukuifungulia pale ilipokuwa. Tuliinakili kwanza kwenye kompyuta, tukaikunjua, ndipo tukaifungua, ili tukiiharibu asili yake ibaki.

Kilichojitokeza sitakisahau. Nakala ya akiba haibebi vile vijipicha vidogo vya kutazamia, na picha zenyewe zilikuwa zimehamishwa. Basi kioo kilijaa visanduku vya kijivu vitupu, na kila folda ilikuwa na alama ya kuuliza. Lakini tulipogusa kisanduku kimoja, kando yake yakatokea maneno ya mama kama alivyoyatamka. Jana tulikuwa na nyuso bila majina. Sasa tulikuwa na majina bila nyuso. Kilichobaki kilikuwa kuvikutanisha.

Sehemu kubwa ilikuwa rahisi. Unabofya folda yenye alama ya kuuliza kwa kitufe cha kulia cha kipanya, unachagua kutafuta folda iliyopotea, kisha unaionyesha programu folda hiyo iliko sasa. Picha zote zilizomo huungana kwa pamoja. Picha za harusi zilirudi hivyo, na nyingi za mama pia.

Kazi ilikuwa kwa zile 58 ambazo kijana alikuwa amezibadilisha majina. Programu humtambua mtu wake kwa jina la faili, na kama jina si lile haimjui. Tulilazimika kusoma maneno ya mama kwenye kila kisanduku cha kijivu, kisha kuzitazama picha na kuuliza, "Ni ipi hii anayoisema?" Tulipoipata tuliirudishia jina lake la zamani, ikaungana. Mama ameandikiwa, "Wanawake watatu mbele ya duka, wa kati amevaa viatu vya kuazima." Kijana alizipitia picha hadi akawapata hao watatu, akavikodolea macho vile viatu, akacheka, halafu akanyamaza. "Sikujua bibi alikuwa mcheshi," akasema. Tulifanya kazi hiyo usiku wa siku mbili, bega kwa bega. Usiku wa pili nilimwomba radhi kwa maneno yangu.

Hata hivyo, si yote yaliyorudi. Baada ya ile tarehe 9 Agosti, mama alinieleza picha nyingine 37. Programu iliendelea kuniuliza kama nataka nakala ya akiba, nami kwa haraka zangu nikawa nakataa kila mara. Maneno hayo 37 hayapo. Tulizichapisha picha hizo na kumpelekea mdogo wake mama kule Murang'a. Alizitambua 26. Zile 11 zilizobaki alizigeuza geuza, akatikisa kichwa na kusema, "Hizi ni za kabla yangu." Kijanaye wa kumlaumu kwa hizo 11 ni mimi mwenyewe, si mwanangu wala si programu.

Kwa hivyo, msomaji wangu, usingoje yakukute. Kama unatumia Lightroom kwenye kompyuta, usikatae inapokuuliza kuhusu nakala ya akiba, na nakala hiyo iweke kwenye diski nyingine. Ukitaka kuhamisha picha, zihamishe ukiwa ndani ya programu yenyewe, ili katalogi ijue zilikokwenda. Ukishaandika maneno chini ya picha, zichague kisha bonyeza Ctrl na S. Maneno yataandikwa ndani ya picha ya kawaida ya JPEG, na kwa faili ghafi za kamera yatawekwa katika faili ndogo kando yake. Hapo hata katalogi ikipotea, majina hayatapotea.

Mpiga picha Mmarekani Peter Krogh amewafunza wengi kanuni nyepesi ya kukumbuka: uwe na nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, na moja iwe mbali na nyumba yako. Yetu ya tatu iko kwa dada yangu huko Nakuru.

Na kama huna kompyuta, chukua penseli laini uandike nyuma ya picha, polepole, bila kukandamiza. Kisha umtafute mzee wa kwenu leo, si Krismasi ijayo, umpe miwani na kikombe cha chai, na umuulize huyu ni nani. Yule mtoto aliyekufa kwa surua jina lake limo kwenye kijitabu chetu, ukurasa wa 14. Limeandikwa mahali sasa, kama mama alivyotaka.